Katalogi ya picha ikigoma, usifute kitu: nakili kwanza

Mhariri,

Desemba iko mlangoni, na harusi na ruracio (sherehe za mahari) zitafuatana wikendi baada ya wikendi. Ni msimu ambao studio za Nairobi hupiga maelfu ya picha kwa siku mbili, na pia msimu ambao ujumbe ule mbaya hutokea kwenye skrini: katalogi imeharibika, haifunguki. Mwenye studio anabeba kompyuta mbio hadi kwa fundi mjini, na jibu analopewa mara nyingi ni fupi kama risiti: tupige format, uanze upya. Tunaandika kuupinga ushauri huo. Katalogi iliyoharibika mara nyingi huokoleka kwa zana isiyolipiwa hata senti, ilmradi mwenyewe hajafuta wala kubonyeza chochote kwa pupa.

Kwanza tuelewane katalogi ni nini, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Picha zenyewe hazimo ndani yake. Mafaili ya picha ghafi za kamera (CR3, NEF, ARW) au JPEG yamelala kwenye folda zake pale pale. Katalogi ni daftari: picha hii iko folda gani, ina nyota ngapi, imepewa maneno gani ya utafutaji, sura ya nani imetambuliwa, mwanga na rangi vimerekebishwa vipi. Programu za kupanga na kuhariri picha kila moja ina lake. Kwa Lightroom Classic daftari hilo ni faili linaloishia na .lrcat. Kwa digiKam ni digikam4.db, jina lililobaki hivyo ingawa programu ilishavuka toleo la 4 zamani. Kwa darktable ni library.db. Majina ni matatu lakini mama ni mmoja: yote ni hifadhidata za SQLite, kazi aliyoianzisha Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Hapo ndipo bahati ya mpiga picha ilipo, kwa sababu chombo kimoja kinatosha kuzichunguza zote.

Sasa tazama ndani ya folda ya katalogi iliyogoma. Kando ya Harusi.lrcat huenda ukaona vifaili vingine vyenye jina lile lile na mkia wa ajabu: Harusi.lrcat-wal, Harusi.lrcat-shm, au Harusi.lrcat-journal. Vinaonekana kama takataka, na watu huvifuta "kusafisha". Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Faili la -wal hubeba mabadiliko ya mwisho ambayo bado hayajaingizwa kwenye daftari kuu. Lile la -journal hubeba kurasa za zamani, ili kazi iliyokatika katikati irudishwe nyuma. Stima ikipotea ukiwa unafanya kazi, SQLite hutegemea vifaili hivyo kujisahihisha pale tu katalogi itakapofunguliwa tena. Ukivifuta, au ukihamisha .lrcat peke yake kwenda kompyuta nyingine, unageuza tukio la kawaida kuwa uharibifu wa kweli. Kifaili pekee kinachoweza kutolewa ni kile cha .lock, ambacho Lightroom huweka kuonyesha kwamba katalogi inatumika. Kompyuta ikizima ghafla hubaki hapo na programu ikakataa kufungua. Kitoe tu baada ya kuhakikisha kwamba Lightroom imefungwa kabisa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufunga programu na kunakili folda nzima ya katalogi, na kila kilichomo, kwenye diski nyingine. Tangu toleo la 11 la Lightroom Classic, lililotoka 2021, kuna pia kiambatisho cha .lrcat-data chenye taarifa za maeneo yaliyochaguliwa kwenye picha ili kurekebishwa peke yake. Nacho kiende pamoja. Kuanzia hapo asili haiguswi tena, na kila jaribio linafanyiwa nakala. Hata kitufe cha kukarabati ambacho Lightroom yenyewe hukupa, kibonyeze ukiwa umefungua nakala. Kikishindwa hujapoteza kitu.

Kunakili kukikwama katikati, au diski ikianza kugonga tik-tik-tik, tatizo si katalogi tena, ni diski. Ili kusoma afya ya diski, Windows ina CrystalDiskInfo, Linux ina smartctl. Angalia mistari minne: 05, C5, C6 na C7, ambayo Linux huiandika 5, 197, 198 na 199. Sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka zikiwa zaidi ya sufuri na zinapanda, diski inakufa. C7 ikipanda peke yake, shuku waya wa data kabla ya kulaumu diski. Badilisha waya kwanza. Na tafadhali usikimbilie chkdsk /f, amri ya Windows ya kukagua diski. Kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, si kuokoa data yako, na katika kunyoosha huko inaweza kulikata faili lako mahali ambapo mnyororo umevunjika. Kwa diski inayokufa chombo sahihi ni ddrescue:

ddrescue -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Inasoma kwanza sehemu zisizo na hitilafu, kisha inarudia zile mbovu mara tatu, na faili la .map huiwezesha kuendelea ilipoishia ukikatiza. Diski ya terabaiti moja inataka nafasi ya terabaiti moja ya kupokea taswira yake. Soma jina la kifaa mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu sdb ya leo si lazima iwe sdb ya kesho.

Nakala ikiwa salama, angalia ukubwa wake. Katalogi ya jana ilikuwa megabaiti 900 na leo ni sufuri? Hakuna cha kukarabati. Nenda kwenye nakala za akiba. Ukubwa ukiwa sawa, fungua faili kwa programu yoyote inayoonyesha baiti. Baiti 16 za mwanzo lazima zisomeke "SQLite format 3", zikimalizwa na baiti ya sufuri. Ukikuta sufuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, diski iliahidi kuandika na haikuandika. Hapo pia usipoteze muda.

Mwanzo ukiwa sawa, pakua zana za SQLite kutoka sqlite.org, zifungue kwenye folda moja na nakala yako, kisha andika kwenye dirisha la amri:

sqlite3 Harusi.lrcat "PRAGMA integrity_check;"

Jina likiwa na nafasi ndani yake, lizungushie alama za kunukuu. Jibu likiwa ok, katalogi ni nzima na ugonjwa uko kwingine. Mara nyingi uko kwenye folda ya vijipicha. Kwa Lightroom ni ile inayoishia na Previews.lrdata, na kwa digiKam ni thumbnails-digikam.db. Zote mbili ni mali ya kutengenezwa upya: ziondoe, programu itazijenga tena, ingawa kwa picha elfu hamsini uandae chai ya kutosha. Tahadhari moja: Smart Previews.lrdata si sawa na hiyo nyingine, na kama picha asili zimepotea, humo ndimo zilimobaki nakala zako ndogo za picha hizo.

Jibu likitaja safu zinazokosekana kwenye faharasa, yaani mistari yenye maneno "missing from index", shusha pumzi. Data ipo, ni faharasa tu iliyoharibika. Andika sqlite3 Harusi.lrcat "REINDEX;" halafu rudia uchunguzi. Lakini likitaja namba za kurasa na kosa la 11, au likasema "database disk image is malformed", kurasa zenyewe za daftari zimechanika. Hapo ndipo .recover inapoingia, amri iliyopo tangu toleo la 3.29 la mwaka 2019. Hupita ukurasa kwa ukurasa, huokota kila safu inayosomeka, na kuiandika upya kama maagizo ya kujenga hifadhidata mpya:

sqlite3 Harusi.lrcat ".recover" > yote.sql
sqlite3 Mpya.lrcat ".read yote.sql"

Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza, Windows: tumia dirisha la cmd, si PowerShell, kwa maana ile PowerShell inayokuja na Windows huandika faili la .sql kwa mfumo wa herufi wa UTF-16 na SQLite itashindwa kulisoma. La pili, Linux: sqlite3 iliyokuja na mfumo wako huenda ikalalamika kwamba hakuna jedwali la sqlite_dbpage. Maana yake ni kwamba ilijengwa bila uwezo huo. Chukua ile ya sqlite.org. La tatu, nafasi: acha angalau mara tatu ya ukubwa wa katalogi, kwa sababu faili la .sql lenyewe ni nene. Ukimaliza utaona jedwali jipya liitwalo lost_and_found, ambamo .recover huweka safu zisizojulikana zilitoka jedwali gani. Zingine ni takataka ulizozifuta mwenyewe miezi iliyopita zikifufuka. Ukiongeza --ignore-freelist baada ya .recover, zitabaki kaburini. Programu ya picha hailisomi jedwali hilo, liache.

Usishangilie bado. Chunguza Mpya.lrcat kwa integrity_check ile ile, halafu hesabu:

sqlite3 Mpya.lrcat "SELECT count(*) FROM Adobe_images;"

Kwa digiKam jedwali ni Images, na unahesabu zenye status=1 peke yake, kwani nyingine ni zile zilizoondolewa. Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye nakala ya akiba ya karibuni. Akiba ikisema 48,210 na mpya ikasema 48,350, uko salama. Ikisema 31,000, kuna kipande kimemezwa, na busara ni kuanzia kwenye akiba, si kwenye kilichookolewa. Idadi ikikubalika, usifanye kazi moja kwa moja ndani ya Mpya.lrcat. Unda katalogi tupu kwenye Lightroom, kisha ingiza kutoka katalogi nyingine, folda baada ya folda. Folda moja ikigoma utajua ni ipi, na zilizobaki zitakaa ndani ya muundo safi.

Kwa maoni yetu, .recover ni dawa ya pili. Ya kwanza ni nakala ya akiba nzima ya juzi pamoja na mafaili ya XMP. Katika Lightroom, ukichagua picha zote na kubonyeza Ctrl na S, nyota, maneno ya utafutaji, maelezo na marekebisho ya rangi huandikwa nje ya katalogi. Kwa picha ghafi hukaa kwenye kifaili cha .xmp kando ya picha, na kwa JPEG, TIFF na DNG huingia ndani ya picha yenyewe. Mipangilio pia inaruhusu hilo lijifanye lenyewe. Havitoki makusanyo, nakala bandia za picha moja, wala historia ya hatua kwa hatua. Hivyo hubaki ndani ya katalogi tu. Anayetumia Lightroom na digiKam kwa pamoja ajue kwamba Lightroom huandika IMG_0412.xmp, ilhali digiKam kwa kawaida huandika IMG_0412.CR3.xmp, na programu moja haitakiona kifaili cha nyingine. digiKam ina chaguo la kufuata mtindo wa programu za kibiashara. Liwashe kabla, si baada ya ajali.

Kuhusu chanzo, hapa Nairobi lawama zote huangukia stima. Si haki kabisa. SQLite iliundwa kustahimili kukatika kwa umeme, na kwa diski inayosema kweli hustahimili. Tatizo ni vifaa vinavyodai vimeandika kumbe data bado iko njiani. Flashi za bei ya kutupa ndizo vinara. Zile za uwezo bandia, zilizochezewa zijitangaze kuwa za gigabaiti 512 ilhali ndani kuna 32, zimetajwa hata katika nyaraka za SQLite zenyewe kama chanzo cha uharibifu. Utajaza gigabaiti 32 bila tatizo, halafu kila kinachofuata kinaanguka shimoni au kinaandikwa juu ya cha kwanza, na jina la faili linaendelea kuonekana kwenye orodha kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo ukinunua flashi au diski, iwe barabara ya Luthuli au kwenye jumba la biashara lenye viyoyozi, ijaze yote na uisome tena kabla ya kuiamini: H2testw kwa Windows, f3write na kisha f3read kwa Linux. Kwa diski kubwa zoezi huchukua usiku mzima. Sawa, na uchukue.

Chanzo kingine ni kuweka katalogi hai ndani ya folda inayosawazishwa na wingu. Msawazishaji hunyakua .lrcat wakati -wal bado inaandikwa, akapandisha nusu hadithi, kisha kompyuta ya pili ikaishusha. Wingu liwekewe faili za zip za akiba peke yake. Diski za nje zenye mfumo wa mafaili wa exFAT nazo hazina jarida la mabadiliko; ukizichomoa bila kuziaga kwa Eject, mfumo wa mafaili wenyewe unaweza kupotoka. Katalogi ikae diski ya ndani, picha ndizo zikae nje. Na ikiwa umekarabati leo na wiki ijayo imeharibika tena ingawa diski ni nzima, acha MemTest86 ipime kumbukumbu ya kompyuta usiku kucha. Kipande kibovu cha RAM huharibu data kabla haijafika kwenye diski, na hakuna ukarabati utakaokishinda.

Sasa bekapu, yaani hizo nakala za akiba. Lightroom kwa kawaida huuliza mara moja kwa wiki unapoifunga, na huweka nakala ndani ya folda ya katalogi yenyewe. Yaani diski ikifa, mgonjwa na dawa wamekufa pamoja. Badilisha iwe kila unapofunga. Mahali pa kuhifadhi pia hubadilishwa, lakini kwenye kile kidirisha kinachotokea wakati wa kufunga, na ndiyo maana wengi hupekua mipangilio wasikione. Weka tiki kwenye kuchunguza uzima kabla ya kunakili. Tiki hiyo ni muhimu kuliko nyingine zote, maana uharibifu unaweza kukaa kimya wiki kadhaa huku ukinakili ugonjwa juu ya afya. Kwa sababu hiyo hiyo usiwe na nakala moja unayoiandika juu kila siku. Bakiza saba za siku, nne za wiki na moja ya kila mwezi. Katalogi hukandamizika vizuri ikifungwa kwa zip, haitakula diski. Nakala ikivuka gigabaiti 4 haitaingia kwenye flashi ya FAT32, kwa kuwa mfumo huo haupokei faili kubwa kuliko hapo.

Kwa digiKam, funga programu kisha uandike sqlite3 digikam4.db ".backup akiba-2025-12-01.db". Amri hiyo hunakili kwa kufuata kufuli za hifadhidata, tofauti na kuburuta faili kwa kipanya. Tarehe ianze na mwaka ili orodha ijipange yenyewe.

Hayo yote ni ya daftari tu. Picha zina bekapu yake, na kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh bado inatosha: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae kwingine. Studio ikiwa katikati ya jiji, diski ya tatu ilale nyumbani Kasarani au Rongai, si kwenye droo ya chini ya meza ile ile. Na kabla ya kumwachia fundi diski yenye nyuso za wateja, kumbuka kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhesabu mwenye studio kuwa mwenye wajibu juu ya picha hizo. Mpe nakala ya katalogi, picha zibaki kwako. Kukarabati daftari hakuhitaji picha hata moja.

Mara moja kwa mwezi fungua zip ya akiba kwenye folda ya pembeni na ujaribu kuifungua katalogi. Folda zikija na alama ya kuuliza, usiogope. Windows imeipa diski herufi nyingine, F badala ya E, na ukiirudishia herufi yake kwenye usimamizi wa diski alama zitatoweka. digiKam hutambua diski kwa namba ya utambulisho wake, hivyo diski mpya yenye picha zile zile itahesabiwa kuwa haipo. Rekebisha njia kwenye mipangilio ya makusanyo, wala usilifute kusanyo ukidhani utaliongeza upya, kwa sababu likifutwa linaondoka na lebo zake. Katalogi ikifunguka, chagua picha tano za miaka tofauti, uzikuze hadi asilimia mia, kisha andika tarehe ya siku hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha selotepu juu ya diski.

Wahariri wa picha na mafundi wa kompyuta,
Nairobi